MREJESHO: Ile Impreza WRX yenye shida ya giaboksi

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama ninunue Subaru Impreza WRX ya 2004, gia za mkono, inayokwaruza ukiingiza namba tatu.

Asanteni sana mlionisihi nisilipe kabla fundi hajamwaga oili ya giaboksi. Ilitoka inametameta vumbi la shaba, na kwenye sumaku ya nati ya kumwagia oili kulikuwa na kipande cha chuma kama punje ya mchele. Fundi alikigeuza kidoleni, akasema ni jino la gia.

Tuliweka oili mpya kama mlivyoshauri. Injini ikipata moto mkwaruzo ulipungua, lakini asubuhi ikawa vilevile. Muuzaji akagoma kupunguza bei, nikaiacha. Hela ya oili na fundi imeenda, na roho inaniuma, niliipenda kweli.