Mafundi wa gereji mnabahatisha kwa hela zetu! CR-V imenila laki nne, ugonjwa wenyewe buku tano

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nina Honda CR-V ile ya kwanza kabisa, RD1, ya 1998, injini B20B. Gari la zamani, najua, asije mtu hapa kuniambia niuze ninunue Toyota. Mwezi uliopita likaanza vituko. Asubuhi linawaka kwa funguo moja. Naenda nalo Kariakoo, naliacha juani, nikirudi saa saba selfu inazunguka kwa nguvu zote, injini haishiki. Betri nzima, mafuta nusu tenki.

Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti. "Bosi, hizo ni plagi." Plagi nne, 40,000. Akazifunga jioni, saa kumi na mbili inakaribia, akapiga selfu, gari likawaka. Nikamwongezea na hela ya soda. Kesho yake saa saba, yale yale.

Fundi wa pili ndiye aliyeniuma zaidi, maana jibu alilishika mkononi akalitupa. Alipulizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye njia ya hewa, akaniambia piga. Injini ikanguruma kama sekunde mbili, ikazima. Sasa mimi si fundi, lakini hata mimi naona hapo: ikipata kitu cha kuunguza inaunguza, kwa hiyo moto wa plagi upo, mafuta ndiyo hayafiki. (Na zile plagi za elfu arobaini zilikuwa za nini?) Yeye akasema nozeli, zile zinazopulizia mafuta kwenye injini, ni chafu, 60,000 kuzisafisha. Nozeli gani hizo zinaziba zote nne saa saba mchana, zinajizibua zenyewe usiku?

Wa tatu akasema pampu ya mafuta imekufa. Pampu ya mtumba kutoka Ilala, 180,000. Kazi imeisha usiku, gari likawaka, tukapeana mikono. Kesho yake nikakwama kwenye foleni ya feri Magogoni, magari yananipigia honi, jua linawaka, mimi nasukuma gari na watoto wa shule.

Ndipo akashuka mzee mmoja kwenye gari lake, naye anaendesha CR-V kama yangu. Nikamwamkia. Akaniambia, "Kijana, washa swichi tu, usipige selfu, halafu sikiliza nyuma." Nikawasha. Taa ya injini kwenye dashibodi ikawaka, baada ya sekunde mbili ikazima. Nyuma kimya. "Umeisikia pampu?" Sijaisikia. "Basi fungua vioo vyote, milango yote, kaa kivulini." Dakika ishirini hivi. Nikawasha tena swichi, nyuma kwenye tenki ikalia nzzzz, ikanyamaza. Selfu moja, gari hilo.

Kumbe kuna rilei kubwa chini ya dashibodi, ndiyo inayopeleka umeme kwenye pampu. Ndani ina kibao chenye miguu iliyochomelewa kwa risasi, na ile risasi ikishazeeka inapasuka. Kibanda cha gari kikipata joto, ufa unaachana na umeme haupiti. Kikipoa, unagusana. Hizi Honda za miaka ile zinajulikana kwa ugonjwa huu! Na kompyuta ya gari haitoi kosa lolote, kwa sababu haina namna ya kujua kama pampu imepata umeme.

Nikaichomoa nikampelekea fundi redio hapa mtaani. Akaifungua, akaweka lenzi yake jichoni, akaniita nione. Kuzunguka mguu mmoja kuna duara jeusi, jembamba kama unywele. Akagusa na pasi ya kuchomelea, risasi ikayeyuka ikang'aa, akafunga. Buku tano. Wiki ya pili hii naliacha gari juani makusudi, linawaka.

Jumlisha: plagi 40,000, nozeli 60,000, pampu 180,000, ufundi wa kufunga na kufungua 70,000, kuvutwa na breakdown 60,000. Laki nne na kumi elfu. Na hakuna hata mmoja kati yao aliyeweka taa ya kupimia kwenye waya wa pampu mchana gari likiwa limegoma. Wote wamelitengeneza jioni, likiwa limeshapoa, ambapo lingewaka hata wangelisomea dua.

Sasa kilichonifanya nifungue uzi ni hiki. Nimerudi kwa fundi wa tatu. Sikudai hela, nimedai pampu yangu. Ile niliyokuja nayo, iliyotoka Japani na gari, ambayo haikuwa na ugonjwa wowote. Hii ya mtumba inalia kama mashine ya kusaga. Ananiambia pampu ile "ilikuwa mbovu, tuliitupa." Namuuliza mliipima lini? Anacheka. Na wakati ananicheka, kuna CR-V nyingine nyeupe imeegeshwa pale gereji kwake, siti ya nyuma imetolewa, mwenyewe amekaa kwenye benchi anasubiri kufungiwa pampu "nzima ya mtumba, haina shida."

Nimemuuliza yule bwana kwenye benchi gari lake lina tatizo gani. Akasema mchana haliwaki.