Miguu ya mama inakufa ganzi: mishipa ya fahamu inalindwaje?

Mtoto wa Ngamiani:
Shikamooni wakubwa. Mama ana miaka 67, sukari anaishi nayo mwaka wa 12 huu, anameza metformini. Juzi katoka soko la samaki la Deep Sea, hapa Tanga, na samaki wake, kufika nyumbani ndara ya mguu mmoja haipo. Hajui ilimvuka wapi! Tulicheka, lakini sikulala. Usiku nyayo zinamwaka moto. Jirani anasema ni uzee tu, asugue mafuta ya nazi. Kweli?

Nesi Mstaafu:
Marahaba mwanangu. Uzee unachangia, ila mshukiwa wa kwanza ni sukari: ikikaa juu miaka mingi inaharibu vimishipa vya damu vinavyolisha neva, yaani mishipa ya fahamu, na zile ndefu za miguuni hutangulia kuumia. Neva iliyokufa hairudi kirahisi. Tunachopigania ni isiendelee. Aulizie kipimo cha HbA1c, kinaonyesha sukari ya miezi 2 hadi 3. Na vitamini B12: metformini ya muda mrefu huweza kuishusha, na upungufu wake nao huleta ganzi. Dawa asiache mwenyewe! Mafuta ya nazi yanalainisha ngozi, basi. Katikati ya vidole asipake.

Fundi Raskazone:
Baba alikanyaga msumari asubuhi, tukauona jioni. Sasa kila usiku namkagua nyayo kwa tochi ya simu. Pekupeku marufuku, hata uani.

Mtoto wa Ngamiani:
Ahsanteni. Hiyo ya B12 sikuwahi kuambiwa. Jumatatu nampeleka. Nimemnunulia raba, anasema namfanya mchezaji wa Coastal Union.