Pipa la samadi: nataka asidi, linanipa gesi ya kupikia

samadi_moro

Wakuu, habari za kazi. Lengo ni kuchachusha mavi ya ng'ombe bila hewa ili kupata asidi (asetiki, propioniki, butiriki), siyo bayogesi. Mpangilio ni huu: pipa jeusi la plastiki la lita 200, mfuniko wa kubana, mpira wa gesi unaoishia kwenye chupa ya maji. Ndani kuna kilo 40 za mavi mabichi, lita 120 za maji na lita 20 za tope la mtambo wa bayogesi kama mbegu. Joto la ndani ni nyuzi 31 hadi 33.

Siku ya 4 asidi zilifika kama gramu 4 kwa lita, pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unapanda) 6.6. Siku ya 12 pH imepanda hadi 7.2, asidi hazifiki gramu 1, na gesi ukiiwasha inawaka bluu. Nini kimezila? Na zikipatikana nyingi, zinaweza kuchemshwa kama gongo ili zitengwe na maji?

FundiMtambo

Mkuu, zimeliwa na vijidudu vya metani (ile gesi inayowaka), na vingi umevitia mwenyewe na zile lita 20 za tope. Tope la mtambo unaofanya kazi vizuri limejaa vijidudu hivyo. Ukitaka gesi ni mbegu bora, ukitaka asidi ni sumu.

Humo ndani kazi hufuatana. Nyuzinyuzi za majani, wanga na protini hukatwakatwa kwanza, vipande vinageuzwa asidi na hidrojeni, kisha asetiki na hidrojeni huishia kuwa metani. Vijidudu vya kutengeneza asidi huongezeka maradufu kwa saa chache tu, vya metani huhitaji siku kadhaa. Silaha yako ni hiyo tofauti ya mwendo: toa mali kabla vya polepole havijajaa.

Acha tope kabisa. Mavi mabichi yana vijidudu vya asidi vya kutosha. Ukitaka mbegu kwa lazima, pasha tope hadi nyuzi 90 kwa nusu saa. Vya metani hufa, mbegu ngumu za Clostridium (bakteria wa asidi) hubaki hai. Lakini usitegemee kuchemsha peke yake, kwa sababu kila ndoo ya mavi inakuja na vijidudu vya metani kutoka tumboni mwa ng'ombe.

Baada ya siku 4 za mwanzo, kila asubuhi toa lita 45 kati ya 180, rudisha lita 45 mpya. Hapo mali inakaa siku 4 kwa wastani. Koroga KABLA ya kutoa, mpaka utando wa majani ulioelea juu uvunjike wote. Watu wengi huharibikiwa hapa: wanafungua koki, maji yanatoka, nyuzi zinabaki juu wiki tatu, na vijidudu vya metani vinajenga humo humo. Kwenye karatasi mali inakaa siku 4, kumbe ndani kuna mkeka wa siku 20. Koki nayo iwe pana, inchi 2, la sivyo majani yataiziba siku ya pili. Gesi ikianza kuwaka bluu, mwaga pipa lote, sugua, anza upya. Kulibembeleza hakusaidii.

Mchanganyiko wako pia ni mwepesi mno. Mavi mabichi ya ng'ombe yana ukavu wa kama asilimia 16, na asilimia 80 ya ukavu huo ndiyo sehemu inayoweza kuoza. Kilo 40 zinakupa kilo 5.1 ndani ya lita 180, yaani gramu 28 kwa lita. Chukulia gramu 0.15 za asidi kwa kila gramu: unapata gramu 4.2. Kwa hiyo pipa lako lilifanya kazi yake yote siku ya 4, hukulivuna tu. Weka mavi na maji nusu kwa nusu, utafika kama gramu 64 za kuoza kwa lita na asidi karibu gramu 9 au 10. Zaidi ya hapo ni vigumu, kwa sababu nyuzi zimefungwa na lignini (ile sehemu ngumu ya mimea) ambayo hata ng'ombe mwenyewe ameshindwa nayo.

Kuhusu pH: mavi ya ng'ombe yana bikaboneti na amonia nyingi, ndiyo maana gramu 4 za asidi hazikuishusha chini ya 6.6. Ukiishusha hadi 5.5 vya metani vinadumaa. Njia rahisi ni kuongeza kitu kinachochacha haraka: anza na kilo 1 ya pumba laini za mahindi kwa kila lita 45 unazorudisha, upime. Molasi ukizidisha utashuka chini ya 5 na kupata asidi laktiki badala ya unazozitaka.

Usitumie asidi ya betri kushusha pH, tafadhali. Salfeti yake hugeuzwa na bakteria kuwa haidrojeni salfaidi. Hata asidi nyingine ukiimwaga ghafla kwenye samadi, bikaboneti inatoa kaboni dioksidi kwa mpigo, povu linapanda hadi mdomo wa pipa, na salfaidi iliyokuwa imeyeyuka inatoka nalo. Gesi hiyo ikifika kama sehemu 100 kwa milioni pua inaacha kuisikia, kwa hiyo "sisikii harufu tena" si habari njema. Kazi hii ifanyike nje, na kichwa kisiingie ndani ya pipa kwa sababu yoyote.

BiMaabara

Ndugu, FundiMtambo amesema kweli. Naongeza upande wa kupima, maana karatasi ya pH pekee itakudanganya: bafa (vitu vinavyozuia pH kubadilika, kama ile bikaboneti) ikiwa nyingi, asidi hupanda mara mbili na pH isisogee.

Chuja majimaji kwa kitambaa kizito, acha yatulie, chukua mililita 20 za juu. Tumia asidi salfuriki ya 0.1 N na mita ya pH iliyosawazishwa kwa maji ya bafa ya pH 4 na 7. Teremsha polepole ukikoroga hadi pH 5.0, andika mililita zilizotumika. Endelea hadi 4.4, andika za nyongeza. Za kwanza zidisha kwa 250, hiyo ni alkali kama kalsiamu kaboneti, miligramu kwa lita. Za pili zidisha kwa 1.66, toa 0.15, zidisha kwa 500: hizo ni asidi kama asetiki, miligramu kwa lita. Mfano, ukitumia mililita 20 kisha 5, alkali ni 5,000 na asidi ni 4,075.

Asidi zikiwa nyingi, punguza sampuli: mililita 5 ujazie maji yaliyotoneshwa hadi 20, kisha zidisha jibu la asidi kwa 4. Sampuli ikiwa tayari chini ya pH 5 kanuni hii haifai. Na laktiki haionekani vizuri kwa njia hii, kwa hiyo pipa la molasi linaweza kukupa namba ndogo wakati limejaa asidi.

Mkemia_Tanga

Swali la gongo bado halijajibiwa, na ndilo lenye gharama. Kutengeneza asidi ni rahisi. Kuitoa kwenye maji ndiko kunakomaliza fedha.

Kileo huchemka kwa nyuzi 78, kabla ya maji, ndiyo maana gongo inawezekana. Asetiki huchemka kwa 118, propioniki 141, butiriki kama 163. Maji yatatangulia kuondoka. Tena kwenye pH 6, karibu asilimia 95 ya asetiki iko katika hali ya chumvi, na chumvi haigeuki mvuke.

Fanya hesabu: lita 150 zenye gramu 9 kwa lita zina kilo 1.35 tu za asidi. Kupasha na kugeuza maji hayo kuwa mvuke kunahitaji kama megajuli 380. Kwa jiko la kawaida ni zaidi ya kilo 100 za kuni.

Kinachowezekana kwa mtaji mdogo ni chumvi ya kalsiamu. Chuja mara mbili, tia chokaa iliyozimwa kidogo kidogo hadi pH ivuke 9, acha matope ya kalsiamu kaboneti yatuame, kisha anika maji ya juu kwenye trei pana nyeusi zenye kina cha sentimita 3 hivi. Amonia itatoka kwa wingi, kaa upande wa upepo. Utapata unga wa kahawia unaonuka, wenye kalsiamu asetati na wenzake. Chumvi hiyo ikikaushwa na kuchomwa bila hewa kwa nyuzi 400 na zaidi hutoa asetoni na ketoni nyingine. Ni kemia ya zamani, ila iachwe kwa maabara yenye kofia ya kuvuta mvuke, kwa sababu asetoni inashika moto upesi.

Usifikirie kuiuza kama siki wala kuitia kwenye chakula cha mifugo. Siku 4 za pipa hazitoshi kuua Salmonella wala mayai ya minyoo.

samadi_moro

Shukrani wakuu. Nimesoma kuhusu kurefusha asetiki iwe kaproiki (asidi yenye mnyororo mrefu zaidi). Je, inakwepa tatizo la maji?

Mkemia_Tanga

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Clostridium kluyveri hutumia ethanoli kuunganisha: asetiki na ethanoli hutoa butiriki, butiriki na ethanoli hutoa kaproiki. Kwa gramu 60 za asetiki unahitaji angalau gramu 92 za ethanoli kupata gramu 116 za kaproiki, na weka ziada kwa sababu bakteria huchoma nyingine kupata nguvu. Faida yake ni kwamba kaproiki huyeyuka kama gramu 10 tu kwa lita. Ukishusha pH ya maji yenye zaidi ya hapo, ziada inaelea juu kama mafuta na unaikinga.

Ugumu: inataka pH karibu 7, na hapo vijidudu vya metani vinarudi. Ukikimbilia 5.5, kaproiki ambayo haijawa chumvi inawaua wafanyakazi wako ikiwa bado chini ya gramu 1 kwa lita. Kwa hiyo fanya mapipa mawili: la kwanza la siku 4 kama ulivyoelekezwa, la pili lipokee majimaji yaliyochujwa, yaliyopashwa na kupozwa, ndipo utie mbegu na ethanoli. Piga bei ya ethanoli kwanza, kabla ya kununua pipa la pili.

FundiMtambo

Na makapi ya pipa la kwanza usiyatupe. Yapeleke kwenye mtambo wa bayogesi, bado yana gesi ya kutosha kupikia. Usiyamwage moja kwa moja kwenye miche, butiriki iliyobaki itaunguza mizizi. Ila majimaji ya asidi usiyahifadhi kwenye tanki la saruji wala ndoo ya bati. Hula vyote viwili. Plastiki tu, na viungo vya PVC.