Mjeda akiwa mkuu wa wilaya, kwenye kamati ya siasa anakaa kama nani?

Kibwengo: Wakuu, Katiba ibara ya 147 inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote. Kura tu ndiyo ruksa. Lakini DC kwa cheo chake anaingia kamati ya siasa ya CCM ya wilaya. Afande akiteuliwa kabla hajastaafu, kikao kile anaingiaje? Naomba hoja, si matusi.

Kombati Kuukuu: Mnaogopa magwanda tu. DC mjeda saa moja na nusu yuko ofisini, hao raia wenu bado wako kwenye supu. 2018 wanunuzi walipowabania bei watu wa korosho, Magufuli alimwita nani? Jeshi. Kilo shilingi 3,300!

Binti Newala: 3,300 iliyolipwa lini? Malori ya jeshi yalibeba mzigo, watu wakabaki kusubiri uhakiki: shamba liko wapi, lina mikorosho mingapi. Ada za watoto hazisubiri uhakiki.

Kombati Kuukuu: Waliosubiri ni kangomba. Mwenye shamba alilipwa.

Binti Newala: Kangomba mimi? Kangomba ni yule anayekuja kijijini msimu wa njaa na kopo lake, anakupa hela ya unga, korosho anaichukua ikiwa bado ua. Usinizoee.

Mtu wa Ilala: Jamani, tumetoka nje ya mada. Januari 1964 askari wa Colito, Lugalo ya leo, waliasi wakidai mishahara na maofisa wa Kiingereza waondoke. Mwalimu akafichwa, Kambona, waziri wake wa ulinzi, akaenda kuongea nao, mwisho tukawaita Waingereza haohao waje kuzima. Jeshi jipya, JWTZ, lilipoundwa Septemba, jeshi na TANU, chama tawala cha wakati ule, viliunganishwa kwa makusudi. 1992, vyama vingi viliporudi, ndiyo ikabidi mtu achague: jeshi au siasa. Kikwete, luteni kanali, akavua gwanda akabaki na siasa.

Kibwengo: Ndiyo swali langu hilo! Yeye alichagua. Hawa wa leo je?

Shangazi wa Gongo la Mboto: Kambona aliokoa nchi peke yake, leo hakuna hata anayemshukuru.

Kombati Kuukuu: Shujaa aliyekimbilia London 1967?

Shangazi wa Gongo la Mboto: Wewe ungekwenda Colito siku ile? Ungekuwa chini ya uvungu!

Kibwengo: Kamati ya siasa, wakuu. Hakuna aliyejibu.

Binti Newala: Subiri kidogo, kaka. Kuna mtu humu hajaniomba radhi.

Kombati Kuukuu: Taja kwanza mikorosho mingapi.