Riwaya zenye wasimulizi wawili au zaidi: maoni yako unayaandikaje?

Ukurasa_Tisa
Wakuu, riwaya nyingi za siku hizi hazina msimulizi mmoja wala wakati ulionyooka. Mfano ni By the Sea ya Abdulrazak Gurnah (2001): Saleh Omar anasimulia, kisha Latif Mahmud anakuja na upande wake wa kisa kile kile cha nyumba ya familia, na hawakubaliani. Ukifunga kitabu kinachobaki ni "nzuri ila inachanganya". Mtu aandikeje maoni yake yakawa na uzito, bila kugeuka muhtasari?

Kalamu_ya_Risasi
Mkuu, "inachanganya" inaficha mambo matatu: hujui nani anasema, hujui ni lini, au unajua yote ila hujui umwamini nani.

Mawili ya kwanza yana dawa. Weka karatasi moja ndani ya kitabu. Kila sura ipe mstari mmoja: msimulizi, wakati, na jambo moja alilolitaja au kulikwepa. Sura 30 ni mistari 30, basi. Anza sura ya kwanza kabisa. Ukingoja hadi katikati itabidi urudi nyuma, na hapo wengi huacha.

La tatu usilitafutie dawa, maana mwandishi amelikusudia, na maoni yako yanakaa hapo hapo. Andika ulikuwa upande wa nani kufikia ukurasa wa 50, upande wa nani kufikia wa 150, na ni sentensi gani iliyokuhamisha. Ukiipata sentensi hiyo, nusu ya kazi imekwisha.

Bi_Nukta
Naongezea. Nukuu zisizidi kumi kwa kitabu kizima, neno kwa neno, pamoja na namba ya ukurasa. Anayesomea kwenye simu aandike sura, kwa sababu ukikuza herufi namba za kurasa huweza kubadilika.

Ukimaliza, soma upya sura ya kwanza siku hiyo hiyo. Riwaya za namna hii mara nyingi hufungua kwa jambo ambalo maana yake inakuja mwishoni, na ndipo utakapoona kama mwandishi alikuandaa au alikulaghai. Maoni ya wengine yasome baada ya kuandika yako, si kabla. Maneno yao hunata.

Urefu? Maneno 300 yanatosha, kisa kisizidi robo.

Mzamia_Lulu
Karatasi ya Kalamu haifai kila mahali. Ukiipeleka kwenye Nagona (1990) au Mzingile (1991) za Kezilahabi utakwama mapema, maana matukio yanakwenda kama ndoto na kuuliza "ni lini" hakukupi kitu. Ni vitabu vyembamba. Visome kwa mkao mmoja au miwili, uorodheshe picha zinazojirudia badala ya matukio.

Jingine linalosahaulika ni tafsiri. Ukisifia sentensi ya Peponi, riwaya ya Gurnah kwa Kiswahili, unamsifia pia Ida Hadjivayanis aliyeitafsiri kutoka Paradise (1994), kwa hiyo mtaje. Na uzito wa maneno hubadilika: "kifa urongo", jina ambalo Khalil anamwita Yusuf, ndani ya Kiingereza linasimama kama mgeni na linamsimamisha msomaji. Kwa msomaji wa Kiswahili ugeni huo haupo. Hilo peke yake ni aya nzima ya maoni.

Ukurasa_Tisa
Ahsanteni sana. Na mwisho ulioachwa wazi, unausemaje bila kuwaharibia wengine?

Kalamu_ya_Risasi
Taja swali lililoachwa, usitaje nani yuko hai au nani ameondoka. Kisha pima: je, kurasa 20 za mwisho zimekupa vya kutosha kujibu mwenyewe? Kama zimekupa, mwisho uko wazi kwa makusudi. Kama unalazimika kubuni tukio ambalo kitabu hakikuligusa popote, sema wazi kwamba pameachwa pengo, na utaje sura ambayo ungetarajia jambo hilo lianze.