Tupeane uzoefu: ufunguzi (hatua za kwanza) uliokuaibisha kwenye eshek, yaani sataranji, watu wa Bukavu

Noir_wa_Kadutu: Jana nimemwona kijana kule Nyawera na video ya ufunguzi kwenye simu, midomo inatembea kama anakariri katekisimu. Nikajikumbuka. Nilikuwa na Nyeusi. Pioni yake e4, yangu e5 (majina ya viwanja vya ubao), farasi zikatoka, mzee akaweka fu (askofu) c4, nami farasi f6. Fundi viatu yule, miwani imefungwa uzi. Farasi wake akaruka g5. Nikasukuma d5, akala, nikala na farasi kama mtu anayedai haki yake. Mara farasi wake huyo f7! Malkia yangu mkono huu, ngome mkono ule. Mfalme wangu akamla, malkia yake f3, eshek (mfalme anashambuliwa), mfalme wangu akakimbilia e6, katikati ya barabara bila shati. Watu waliacha bia kuja kumtazama. Mzee hata hakuniangalia, anatafuta sindano yake.

Fu_mwembamba: Fegatello hiyo, ndiyo jina la shambulio lile. Mimi mara mbili.

Mama_Roki: d5 haina kosa. Kosa ni kula na farasi. Cheza Ca5, yaani farasi mwingine a5, ufukuze fu. Pioni moja imeenda, lakini unapumua.

Petit_Ibanda: Yaya, achana na e5. Cheza Caro-Kann, ufunguzi mwingine wa Nyeusi, ulale usingizi.

Fu_mwembamba: Caro-Kann ni ya wastaafu. Cheza Sicilienne, ufunguzi wa vita!

Papa_Finale: Mnamaliza mega bure. Capablanca, bingwa wa dunia 1921 mpaka 1927, alisema mtu aanze kujifunza mwisho wa mchezo.

Petit_Ibanda: Mwisho upi, papa, na mimi nakufa hatua ya 12?

Goma_Birere: Nyie mnalilia farasi. 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, nilikuwa narudia mchezo wa Morphy, mchezaji mkubwa wa Marekani, kule opera ya Paris, 1858, hatua 17 tu. Nimefika pale anapotoa malkia bure b8, mke wangu akaniita nje: mbingu nyekundu. Nyiragongo, volkano yetu. Vipande nikavifunga kwenye kitenge, mtoto mgongoni, miguu mpaka Sake. Kuhesabu asubuhi, ngome nyeupe moja hakuna. Ile ile inayomaliza kwa d8! Mpaka leo tunaweka kizibo cha bia.

Mama_Roki: Pole sana, baba.

Fu_mwembamba: Ulikuwa unarudia, ao ulikuwa unapigwa na volkano ikakuokoa?

Goma_Birere: Heshimu wakubwa.

Noir_wa_Kadutu: Jamani, tulikuwa kwenye ufunguzi.

Petit_Ibanda: Papa, kizibo kinafanya roki (mfalme na ngome kuhama pamoja)?

Goma_Birere: Kinafanya. Ila kikilala chali, mtoto wa jirani anadai ni malkia.