Probesheni imeisha: nitapataje uhakika kwamba mahakama haimdai tena mdogo wangu chochote?

Mwana_Kisauni
Hamjambo wakuu. Mdogo wangu alishtakiwa katika mahakama ya Shanzu, Mombasa, kwa kosa la kushambulia na kujeruhi. Alikiri, akapewa probesheni ya miezi 12 (kukaa nje chini ya uangalizi wa afisa badala ya kufungwa) na kuamriwa amlipe mlalamishi fidia ya shilingi 30,000. Muda uliisha mwezi jana, na afisa wa probesheni alimwambia kwa mdomo tu kwamba amemaliza. Lakini hatimiliki ya ardhi ya mjomba aliyemdhamini bado iko kortini, pasipoti yake pia, na wakala wa kazi za Qatar anataka cheti cha polisi cha tabia njema. Nianzie wapi, na karatasi gani itaonyesha kwamba amemaliza?

Masjala_Kwanza
Anza na faili, usianze na afisa. Kesi ikishaamuliwa, kila amri iliyotolewa ndani yake hubaki na mwisho wake na ofisi yake, kwa hiyo lazima kwanza mjue amri zilikuwa ngapi. Andikeni barua kwa msimamizi wa mahakama mkitaja nambari kamili ya kesi pamoja na mwaka, jina kama lilivyo kwenye hati ya mashtaka, na tarehe ya uamuzi. Ombeni nakala zilizothibitishwa za amri ya probesheni na za kurasa za mwenendo wa siku ile. Ada hulipwa kwa idadi ya kurasa. Hakikisheni kila nakala ina mhuri na sahihi, kwa sababu fotokopi tupu haitakubaliwa popote.

Mkiipata, someni mambo matatu. Kwanza, tarehe: muda huhesabiwa tangu siku ya amri, si tangu siku aliporipoti kwa afisa mara ya kwanza, na kama amri ilibadilishwa baadaye, faili itaonyesha. Kisheria probesheni ni kati ya miezi 6 na miaka 3. Pili, kama alitiwa hatiani au amri ilitolewa bila kumtia hatiani; hakimu ana uwezo wa kufanya lolote kati ya hayo, na tofauti yake ni kubwa mtu akiulizwa kwenye fomu kama amewahi kutiwa hatiani. Tatu, na hili ndilo linaloumiza watu: tazameni kama kuna tarehe ya kesi kutajwa tena kortini kwa ajili ya ripoti ya mwisho. Ikiwepo, aende mwenyewe. Asipoonekana, hati ya kumkamata inaweza kutolewa hata kama masharti yote aliyatimiza.

Bi_Sheria_Pwani
Naongezea kuhusu afisa. Neno la mdomo halimsaidii, kwani afisa akihamishwa, anayemrithi atategemea kilichoandikwa. Aombe barua ya kukamilisha probesheni yenye nambari ya kesi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na maneno wazi kwamba masharti yalitimizwa. Nakala ipelekwe masjala (ofisi ya mafaili ya mahakama), nanyi mbaki na yenu iliyopigwa mhuri wa kupokelewa.

Fidia mmeilipa vipi? Kama ilipitia mahakamani, risiti rasmi inatosha. Kama alimtumia mlalamishi kwa M-Pesa, faili haijui lolote. Chukueni taarifa ya M-Pesa, mlalamishi aandike na kutia sahihi kwamba amepokea shilingi zote 30,000, kisha viingizwe kwenye faili.

Mwana_Kisauni
Ahsante sana. Ililipwa kwa M-Pesa, mara tatu. Barua ya mlalamishi hatuna, nitaifuatilia. Vipi hatimiliki? Na mwenzake waliyeshtakiwa pamoja aliondolewa mapema kwa 87(a), kifungu cha kuondoa mashtaka, yeye amemaliza?

Masjala_Kwanza
Mjomba wako angeweza kuidai hati yake mwaka mzima uliopita. Dhamana ilikuwa ya kuhakikisha mshtakiwa anafika kortini hadi kesi iamuliwe. Haikuwa ya probesheni, isipokuwa kama amri yenyewe ilitaka mdhamini. Aandike mwenyewe kuomba aachiliwe udhamini na arudishiwe hati, akiambatisha kitambulisho na stakabadhi aliyopewa alipoiweka. Wengi wakishaishika mkononi hurudi nyumbani, na hapo ndipo kosa linapotokea: kama mahakama ilimwandikia msajili wa ardhi aweke zuio, zuio hilo litabaki mpaka barua nyingine ya mahakama imfikie msajili. Asiondoke bila barua hiyo, kisha afanye sachi rasmi (upekuzi wa rejista ya ardhi) kuona kwamba zuio limetoka. Asipofanya hivyo atakuja kuligundua siku ya kuuza au kurithisha.

Pasipoti nayo iombwe kwa barua, na hakimu atoe amri ya kuirudisha. Karani haitoi kwa hiari yake.

Bi_Sheria_Pwani
Kuhusu mwenzake: 87(a) inategemea hatua. Mashtaka yakiondolewa kabla hajatakiwa kujitetea, ameachiliwa tu, na anaweza kushtakiwa upya kwa kosa lilelile. Yakiondolewa baada ya hapo, ni kuachiliwa huru. Naye achukue nakala yake iliyothibitishwa, aitunze.

Cheti cha polisi kifuate mwisho. Huombwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa shilingi 1,050, kisha unachapisha fomu ya C24 na kupeleka alama za vidole Huduma Centre au makao makuu ya DCI (idara ya upelelezi wa jinai). Alama alizochukuliwa alipokamatwa ziko kwenye kumbukumbu zao, na matokeo ya kesi yasipowafikia, kesi inaweza kuendelea kuonekana kama haijaamuliwa. Kwa hiyo apeleke nakala ya uamuzi na barua ya kukamilisha DCI kabla ya kuomba. Wala asitarajie kwamba kumaliza probesheni kumefuta kumbukumbu. Kilichobadilika ni kwamba sasa itasomeka kesi imekwisha. Wakala aambiwe ukweli huo mapema, kabla hajaanza kulipia viza.

Na kama wakati wowote aliwahi kukosa kufika kortini, ulizeni masjala kama hati ya kumkamata iliondolewa, halafu pelekeni nakala ya amri ya kuiondoa katika kituo cha polisi kilichopewa hati hiyo. Polisi wa uwanja wa ndege hawana faili la Shanzu, kwa hiyo hawatajua kwamba hati hiyo iliondolewa.